Wameandika SAT ni hiari: ukiomba programu ya Honors Marekani, uitume au uiache?

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Morogoro, saa nne usiku, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusoma tovuti. "Shikamoo mjomba. Nimeipitia mara mbili, wameandika kabisa SAT ni hiari. Sasa hela ya kupanda basi kwenda Dar na kulipia mtihani ya nini?" Nikamrudishia swali moja: hiari kwa nani?

Kesho yake tulifungua kurasa tatu za chuo kilekile, kila mtu na simu yake. Ukurasa wa udahili ulisema SAT na ACT, mitihani miwili ya kuombea vyuo vya Marekani, ni hiari. Ukurasa wa Honors ulisema alama zitaangaliwa endapo mwombaji atazileta. Ukurasa wa ufadhili ulikuwa na jedwali: safu moja ya wastani wa masomo, safu nyingine ya alama za SAT, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, maelezo kwamba asiyeleta alama atapangiwa kiwango chake tofauti. Kiwango hicho kilikuwa kidogo. Chuo ni kimoja, milango ni mitatu, na neno "hiari" lilikuwa na maana yake kwenye kila mlango.

Ninachoeleza hapa ndicho nilichomwelekeza yeye, na vijana wengine kadhaa baada yake, baadhi wakiwa Tanzania na Kenya, wengine wakiwa Marekani na wazazi wao.

Kwanza, Honors ni kitu gani

Usiichanganye na shahada ya heshima, ile wanayovishwa marais siku ya mahafali. Honors ni programu ndani ya chuo kikuu, mara nyingi chuo kikubwa cha serikali ya jimbo, inayochukua wanafunzi wachache waliofaulu sana na kuwapa madarasa ya watu kumi na tano au ishirini badala ya ukumbi wa mia tatu. Hujiandikisha masomo kabla ya wenzao, huwa na mshauri wao, mara nyingi na bweni lao, na mwisho wengi huandika tasnifu. Wazo lenyewe ni la zamani. Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alilipeleka chuo cha Swarthmore mwaka 1922. Plan II ya University of Texas pale Austin ilianza 1935, na Clark Honors College ya University of Oregon ilianzishwa 1960. Leo majina yanayotajwa sana ni Schreyer ya Penn State, Barrett ya Arizona State, Macaulay ya City University of New York na Morehead ya University of Georgia.

Ina gharama zake pia. Lazima ulinde wastani wako kila muhula, tasnifu itakula mwaka wako wa mwisho, na baadhi, Barrett ikiwemo, hutoza ada ya ziada juu ya ada ya chuo. Kwa hiyo kabla hujahangaika na SAT, jiulize kama unaitaka Honors yenyewe au unalitaka jina lake.

Neno kwa wazazi walioko Marekani: barua inayofika nyumbani ikisema mtoto "ameteuliwa" kuingia chama cha wanafunzi bora, lipia dola kadhaa upokee cheti, haihusiani kabisa na haya tunayozungumza. Honors huombwa kupitia chuo, na ndicho chuo kinachojibu.

Hatua ya kwanza: jua chuo chako kiko kundi gani

Vyuo vimegawanyika makundi matatu: vinavyodai alama, vinavyoziacha hiari, na visivyozitazama hata ukizileta. Kundi la hiari si geni. Bowdoin, chuo kidogo cha Maine, kiliacha kudai mtihani tangu 1969. Lakini wimbi lenyewe lilikuja 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani na vyuo vikakosa la kufanya. Wengi walibaki hapohapo. Wengine wamerudi nyuma: MIT mwaka 2022, kisha 2024 zikafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech.

Magazeti huandika sana habari za hao wakubwa, na ndizo zinazowatisha watu. Kwako wewe unayetafuta Honors hazina uzito mkubwa, kwa sababu vyuo vya namna hiyo kwa kawaida havina programu ya Honors ya kuombwa pembeni. Angalia vyuo vya majimbo. Vyuo vikuu vya serikali vya Florida vinadai mtihani. University of Georgia na Georgia Tech vinadai. Purdue imerudisha, na University of Texas pale Austin ilitangaza Machi 2024 kwamba inarudisha. Hapo hakuna mjadala wa hiari, jiandikishe mtihani.

Upande wa pili kuna California. Baada ya makubaliano ya kumaliza kesi mwaka 2021, vyuo vya mfumo wa University of California havitumii SAT wala ACT kuamua nani aingie, na California State University nayo iliiondoa mwaka 2022. Ukiomba UCLA au San Diego ukiwa na SAT ya 1580 kati ya 1600, wanaochagua hawataiona. Wakati huo uupeleke kwenye insha.

Sera hizi hubadilika mwaka hadi mwaka, na mara nyingine hutangazwa kwa mwaka mmoja mmoja. Usisome makala ya miaka miwili iliyopita, na hata hii yangu isikutoshe. Fungua ukurasa wa chuo chenyewe na uangalie umeandikwa kwa ajili ya wanaoanza masomo mwaka gani.

Hatua ya pili: soma ukurasa wa Honors peke yake, kana kwamba ni chuo kingine

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Ofisi ya udahili na ofisi ya Honors zinaweza kuwa jengo moja na zisiwe na sera moja. Mfano mzuri ni Schreyer. Penn State kwa ujumla imeiweka SAT kuwa hiari, lakini Schreyer haizitazami alama hizo kabisa. Inasoma matokeo ya shule, insha zake yenyewe, ambazo si chache, na barua za walimu. Mtu anayefanya SAT mara ya tatu "ili aingie Schreyer" anapoteza Jumamosi zake bure. Heri angekaa na insha.

Kinyume chake pia kipo, na ndicho cha hatari: chuo kinasema hiari, Honors yake inasema hiari, lakini ukisoma maelezo ya "wastani wa wanafunzi tuliowapokea" unakuta alama za SAT zimetajwa kwa fahari. Honors inayojitangaza kwa alama ina hamu nazo. Haitamkataa asiyeleta, ila inafurahi ikiziona.

Ukisoma, tafuta sentensi ya namna gani imetumika. "Hatuzingatii" maana yake imefungwa. "Zitazingatiwa zikiletwa" maana yake zinaongeza kitu. "Tunapendekeza uzilete" kwa lugha ya ofisi za Marekani ni karibu sawa na kudai, kwa adabu tu. Na "hutaathirika kwa kutoleta" ni ahadi ya kweli kwa maana moja: hawatakukata alama. Lakini faili lako litashindanishwa na la mwenzako mwenye kitu kimoja zaidi cha kuonyesha.

Ukiona hakieleweki, waandikie. Barua pepe ya mistari minne inatosha: jina lako, mwaka unaotaka kuanza, halafu maswali matatu. Je, kamati ya Honors huona alama za SAT nikizileta? Je, kuna ufadhili wa Honors unaohitaji alama hizo? Je, naweza kuleta alama baada ya kutuma maombi, na mwisho wake ni tarehe gani? Hilo la tatu watu hawaliulizi, nalo ndilo lililomwokoa mpwa wangu, maana matokeo yake yalitoka siku nne baada ya kutuma maombi.

Hatua ya tatu: mlango wa pesa

Kwa familia zetu nyingi huu ndio mlango mkuu, hata kama tunaona aibu kuutaja kwanza. Ufadhili wa vyuo vya Marekani uko wa namna mbili: unaotazama uwezo wa familia na unaotazama ufaulu. Huu wa pili, katika vyuo kadhaa vya majimbo, hutolewa kwa jedwali: ukiwa na wastani huu na alama hizi, unapata kiasi hiki, bila kuandika insha hata moja. University of Alabama imejulikana kwa majedwali ya namna hiyo kwa miaka mingi, na imevuta wanafunzi wengi wa majimbo mengine kwa njia hiyo.

Kwenye jedwali, hiari haina maana ile ya kwenye udahili. Mtu anaweza kupokelewa chuo bila SAT, akapokelewa Honors bila SAT, kisha akakosa dola elfu kadhaa kila mwaka kwa sababu sanduku moja liko tupu. Zidisha kwa miaka minne. Ndiyo maana huwa naanzia ukurasa wa ufadhili na kurudi nyuma kwenye Honors, si kinyume. Angalia mambo mawili tu: je, jedwali linawahusu wanafunzi wa kimataifa, na je, kuna jedwali la pili la wasioleta alama. Kama majedwali ni mawili, yaweke pamoja, utoe tofauti. Tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya kutofanya mtihani.

Hatua ya nne: tafuta Common Data Set

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye Google, utapata PDF. Ni waraka mkavu kama ripoti ya bajeti, ila una sehemu mbili zenye thamani kubwa.

Sehemu ya C7 ni jedwali la vigezo: matokeo ya shule, insha, barua, mahojiano, alama za mitihani, na kila kimoja kimewekewa tiki kwenye "muhimu sana", "muhimu", "tunazingatia" au "hatuzingatii". Tovuti inaweza kupamba maneno; jedwali linajibu kwa tiki.

Sehemu ya C9 inaonyesha asilimia ya walioanza masomo wakiwa wameleta SAT au ACT, na alama zao kwa robo. Tuseme umekuta 1180 na 1390. Maana yake, kati ya walioleta, robo walikuwa chini ya 1180 na robo walikuwa juu ya 1390. Sasa soma kwa makini: ni kati ya walioleta. Mtu mwenye alama ndogo aliziacha nyumbani, kwa hiyo namba hizo zimevimba. Texas yenyewe ilionyesha jambo hili ilipotangaza kurudisha mtihani: miongoni mwa waombaji wake, walioomba alama zao zitazamwe, SAT yao ya katikati ilikuwa 1420, na ya wasioomba ilikuwa 1160. Chuo kile kile, waombaji wa mwaka ule ule. Ukiangalia takwimu za walioleta peke yake utadhani chuo kizima kimejaa watu wa 1420.

Kisha kumbuka kwamba Honors huchukua sehemu ya juu ya darasa. Namba ya juu ya C9, ile 1390 kwenye mfano wetu, ichukulie kama katikati ya Honors. Si kanuni ya mtu yeyote, ni makadirio yangu, na yamenisaidia kuliko kubahatisha. Kama Honors imechapisha namba zake yenyewe, tumia hizo, achana na zangu.

Ukiwa na ACT badala ya SAT, inahesabiwa 1 hadi 36. Kwa jedwali la ulinganisho, ACT 28 ni kama SAT 1310, 30 ni kama 1370, 32 ni kama 1430, na 34 ni kama 1500.

Hatua ya tano: msomaji wa faili lako anaona nini

Hapa ushauri wa tovuti za Kimarekani unatupotosha sisi, kwa sababu umeandikwa kwa mtoto wa Ohio ambaye matokeo yake yanasomeka bila mkalimani.

Chukua kijana wa Ilboru aliyepata Division One ya pointi 3 kidato cha sita. Sisi tunajua maana yake: A tatu, hakuna pa kwenda juu zaidi. Sasa muweke mbele ya profesa wa jiografia aliyepewa mafaili arobaini ya Honors wikiendi hii. Kwake namba ndogo ni mbaya. Anaona "3". Faili la pili ni la Mkenya mwenye pointi 84 za KCSE, ambazo nazo ndizo za juu kabisa, A saba za pointi 12 kila moja. Anaona "84", na kwa hesabu za kwao 84 ni B ya kawaida. Ofisi za udahili wa kimataifa zinaijua mifumo hii vizuri, lakini kamati za Honors mara nyingi zina walimu wa idara mbalimbali, na si kila mmoja ana muda wa kutafuta NECTA ni nini.

SAT, pamoja na kasoro zake zote, ni namba ambayo profesa yule anaijua tangu akiwa na miaka kumi na saba. Ndiyo maana mimi humshauri mwombaji wa kutoka kwetu aelekee zaidi upande wa kutuma kuliko mwenzake wa Ohio mwenye alama hizohizo. Aidha alama husomwa kwa kuangalia ulikotoka. Dartmouth, kabla ya kurudisha mtihani 2024, ilichunguza mafaili yake ikagundua kwamba wanafunzi wa familia zisizo na uwezo walikuwa wakificha alama za kama 1400 wakidhani ni ndogo, ilhali zingewasaidia. Shule ambayo hakuna mtu aliyewahi kufanya SAT, kijana akapata 1350 kwa kujisomea, msomaji makini anaelewa amepanda mlima gani.

Ila usiiachie SAT kazi yote. Mwombe mwalimu wa taaluma aandike ukurasa mmoja wa maelezo ya shule: mfumo wa alama ukoje, Division One ya kidato cha sita inaanzia pointi 3 hadi 9, wangapi walifanya mtihani mwaka huo, wangapi walipata kama wewe. "Wa 2 kati ya 118" inasomeka kwa lugha zote. Ukurasa huo ni bure, na kwa Honors isiyotazama SAT ndio utetezi wako mkuu.

Hatua ya sita: amua

Una matokeo (au una makadirio kutoka mitihani ya majaribio), una namba za C9, umesoma kurasa tatu. Mimi huamua hivi.

Alama ziko juu ya namba ya juu ya C9: tuma, usifikirie mara mbili.

Ziko kati ya katikati ya namba mbili za C9 na namba ya juu: mtoto aliyesoma Marekani mwenye wastani wa karibu 4.0 na masomo magumu ya AP (ya kiwango cha chuo, yanayofundishwa sekondari) anaweza kuziacha, faili lake linajitegemea. Anayetoka NECTA au KCSE, atume. Anayeomba uhandisi au kompyuta na sehemu yake ya hesabu iko juu, 700 na kuendelea, atume hata kama sehemu ya kusoma imeyumba.

Ziko chini ya katikati hiyo ya C9: kwa Honors, ziache. Isipokuwa jedwali la pesa linaanzia chini ya hapo. Na hapa kuna mtego: mara nyingi huwezi kuzionyesha kwa ufadhili na kuzificha kwa Honors, kwa sababu faili ni moja. Ukifika hapo chagua pesa. Najua kuna watakaobisha, lakini Honors unaweza kuingia baadaye, kama nitakavyoeleza, na ufadhili wa mwaka wa kwanza ukishapita umepita.

Mpwa wangu alipata 1370. Chuo cha kwanza, cha lile jedwali, namba ya juu ilikuwa 1390, alituma. Cha pili namba zilianzia 1380. Hakutuma, akaongeza ukurasa wa maelezo ya shule. Cha tatu Honors yake haikutazama alama, lakini alizituma kwa ajili ya udahili.

Hatua ya saba: kuufanya mtihani wenyewe

SAT sasa hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu inayoitwa Bluebook. Nje ya Marekani ilianza hivyo 2023. Ni saa 2 na dakika 14: dakika 64 za kusoma na kuandika, dakika 70 za hesabu. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na ukifanya vizuri nusu ya kwanza, nusu ya pili inakuwa ngumu zaidi. Usiogope ukiona maswali yamekaza. Ndiyo njia ya alama za juu. Kikokotoo kimo ndani ya programu. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali tupu hata moja. Simu haikubaliki kufanyia mtihani. Unahitaji laptop au tableti inayokubalika, na Bluebook uiweke siku kadhaa kabla, usingoje asubuhi ya mtihani ukiwa na bando la MB 200.

Ada kwa anayefanya nje ya Marekani inazidi dola 100. Msamaha wa ada wa College Board, shirika lenye SAT, ni wa wanafunzi wenye kipato kidogo walioko Marekani na raia wake walioko nje, kwa hiyo kijana wa Dodoma asiutegemee. Anachoweza kufanya ni kwenda EducationUSA, ofisi za ushauri zinazosimamiwa na serikali ya Marekani, zilizopo Dar es Salaam na Nairobi, aulizie mpango wao wa kuwalipia mitihani wanafunzi bora wasio na uwezo. Mazoezi ni bure: Bluebook yenyewe ina mitihani kamili ya majaribio, na tovuti ya Khan Academy ina masomo yote. Asikuuzie mtu kitabu cha zamani cha SAT ya karatasi.

Familia zilizoko Marekani mna nafuu. Kuna majimbo, Michigan na Colorado miongoni mwake, ambako wanafunzi wa darasa la 11 hufanya SAT shuleni kwao, siku ya masomo, bila kulipa. Muulizeni mshauri wa shule mapema. Nimekutana na wazazi waliomzuia mtoto siku hiyo wakidhani ni mtihani usio na maana kwa kuwa hauingii kwenye ripoti ya shule.

Kalenda ndiyo inayotuumiza Watanzania. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Ukimaliza, kuna JKT kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu, na huko hakuna cha Khan Academy. Matokeo hutoka Julai. Maombi ya mapema ya vyuo vingi, na ya ufadhili wa Honors, hufungwa tarehe 1 Novemba au 1 Desemba. Kwa hiyo Juni ukimaliza kidato cha tano fanya SAT ya kwanza, halafu Oktoba baada ya JKT fanya ya pili ukiihitaji. Jiandikishe miezi miwili kabla, maana vituo ni vichache na viko miji mikubwa. Wa Songea au Kigoma ahesabu na nauli na mahali pa kulala. Beba pasipoti. Mkenya wa kidato cha nne, usiweke SAT na KCSE msimu mmoja kama unaweza kuepuka.

Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) huwa anadhani hesabu ndiyo itakayombeba, na ni kweli, lakini alama zinazopotea ni za kusoma: vifungu vifupi, swali moja kila kimoja, Kiingereza cha riwaya za karne ya 19. Wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) ambaye hesabu zake za mwisho ni za kidato cha nne asikate tamaa. Sehemu kubwa ya hesabu za SAT ni aljebra, asilimia na kusoma grafu. Miezi mitatu ya saa moja kila siku inatosha kumrudisha.

Na tafadhali: mtihani wa hiari ni SAT. TOEFL, IELTS au Duolingo ni kitu kingine. Kama chuo kinataka uthibitisho wa Kiingereza, hiari ya SAT haikuondolei hilo.

Hatua ya nane: kujaza fomu bila kujikwaa

Kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, sehemu ya mitihani ni moja kwa vyuo vyote. Ukijaza alama zako pale, zinakwenda kwa kila chuo utakachotuma baada ya hapo. Kwa hiyo tuma kwanza vyuo unavyotaka vione alama, kisha rudi uzifute, ndipo utume vilivyobaki. Au anza na vilivyobaki. Chuo kinaweza pia kuwa na swali lake mwenyewe, "je, unataka alama zako zitazamwe?", na vyuo vingi havikubali ugeuze jibu faili likishaanza kusomwa. Soma swali mara mbili kabla ya kubofya.

Vyuo vingi hukubali ujaze alama mwenyewe, na ripoti rasmi huitaka baada ya kukupokea, kwa hiyo usikimbilie kulipia. Ukijua vyuo vyako mapema, unaruhusiwa kutuma ripoti nne bure mradi uvitaje ndani ya siku tisa baada ya mtihani.

Usipotuma, usiandike insha ya kuomba radhi. Nafasi ya "maelezo ya ziada" itumie kwa jambo lenye maana: shule haikuwa na maabara, ulisoma fizikia kwa vitabu vitatu darasa zima, kituo cha karibu cha SAT kiko kilomita 600. Sentensi tatu zinatosha.

Kama hukuingia mwaka wa kwanza

Programu nyingi za Honors, Schreyer na Barrett zikiwemo, hupokea pia wanafunzi walio tayari chuoni, baada ya muhula au mwaka mmoja au miwili. Hapo wanachotazama ni wastani wako wa chuo na barua za maprofesa, na SAT inakuwa imesahaulika. Walioanzia community college, vyuo vya jamii vya miaka miwili, wana njia yao pia: vyuo kadhaa vya California vina Honors zao, na anayezimaliza na kuomba UCLA hupewa kipaumbele kwa mpango unaoitwa Transfer Alliance Program.

Kwa hiyo wiki ya kwanza chuoni, kabla hujajua hata bweni liko wapi, fungua ukurasa wa Honors utafute tarehe ya kuomba ya wanafunzi wanaoendelea na wastani unaotakiwa. Uandike kwenye kalenda. Kisha chagua darasa moja dogo muhula huo, ukae mbele, na uende ofisini kwa profesa saa zake za kuonana na wanafunzi, kwa sababu barua itakayohitajika Februari haiwezi kuandikwa na mtu asiyekujua jina.